Njia za mkato za baobonye katika kurekebisha rangi za video

JIJI la Eldoret, lililopewa hadhi hiyo Agosti 2024, liko karibu na Ikweta katika mwinuko wa takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Jua la adhuhuri huko huwa kali, na anga hubadilika ghafla mvua ya alasiri inapokaribia. Kwa anayepiga video ya harusi au ya mbio za marathoni, hali hiyo ina maana kwamba gauni lililokuwa jeupe saa sita laweza kuonekana la samawati kufikia saa tisa, na uso wa mtu yule yule hubadilika kutoka kipande kimoja cha video hadi kingine.

Kazi ya kusawazisha tofauti hizo ndiyo huitwa urekebishaji wa rangi. Sherehe ya siku moja yaweza kuzaa mamia ya vipande, na kila kimoja hakina budi kutazamwa. Anayefanya kila jambo kwa kipanya hupoteza sekunde chache katika kila tendo, na sekunde hizo hujumlika kuwa saa nyingi.

Hata hivyo, muda si hasara pekee. Jicho la binadamu huzoea rangi upesi: baada ya dakika chache mbele ya picha yenye umanjano, ubongo huanza kuuona umanjano huo kuwa weupe. Dawa yake ni kulinganisha mara kwa mara, tena kwa haraka. Mhariri anapoondoa macho kwenye picha ili kutafuta menyu, ulinganisho huo humponyoka. Njia za mkato humwezesha kuyaacha macho yake pale pale picha ilipo.

Programu yenyewe

Miongoni mwa programu zinazotumika sana kwa kazi hii duniani ni DaVinci Resolve. Zamani iliuzwa pamoja na mitambo yake kwa zaidi ya dola 200,000 za Marekani, na ilimilikiwa na studio kubwa tu. Mnamo 2009, kampuni ya Blackmagic Design ya Australia iliinunua da Vinci Systems, na mwaka wa 2011 ikatoa toleo la bure. Toleo hilo ndilo lililoifungulia mlango studio ndogo yenye kompyuta moja.

Mifano ifuatayo ni ya kompyuta za Windows, kwa mpangilio wa vibonye unaokuja na programu hiyo. Kwenye kompyuta za Mac, Command huchukua nafasi ya Ctrl, na Option nafasi ya Alt.

Kuingia na kutembea

Katika matoleo ya 16 hadi 20, Shift na 6 hufungua ukurasa wa rangi, na Shift na 4 humrudisha mhariri kwenye ukurasa wa kukata na kupanga vipande. Herufi L huchezesha video mbele, J huirudisha nyuma, na K huisimamisha. Kubonyeza L tena huongeza kasi. Katika ukurasa wa rangi, mishale ya juu na chini humhamisha mhariri kutoka kipande kimoja hadi kingine.

Kujenga nodi

Marekebisho katika programu hii hupangwa kwa visanduku viitwavyo nodi. Alt na S huongeza nodi inayopokea picha kutoka kwa ile iliyotangulia, na Shift na S huweka nodi mpya kabla ya ile inayotumika. Alt na P huongeza nodi sambamba, ambapo mbili hupokea picha ile ile kisha matokeo yake huchanganywa.

Alt na O ina manufaa ya pekee. Mhariri akishautenga uso wa bibi harusi katika nodi moja, vibonye hivyo humpa nodi nyingine inayogusa kila kitu isipokuwa uso huo. Kwa hiyo aweza kupunguza mwanga mkali wa nyuma bila kuitia giza ngozi.

Kulinganisha

Ctrl na D huzima na kuwasha nodi moja, Alt na D nodi zote, na Shift na D huonyesha picha kama ilivyotoka kwenye kamera. Hivi ndivyo vibonye vinavyomwamsha mhariri aliyezoea rangi potovu.

Ctrl, Alt na G kwa pamoja huhifadhi picha tuli ya kipande kilichokwisha kurekebishwa. Picha hiyo ikichaguliwa, Ctrl na W huigawanya skrini ili ionekane kando ya kipande kinachofanyiwa kazi. Alama ya = hunakili marekebisho yote ya kipande kilichotangulia. Inafaa pale kamera na mwanga vilipokuwa vile vile. Vinginevyo huhamisha kosa, na hufuta kazi iliyokuwapo.

Mteja akitaka kuchagua kati ya sura mbili, Ctrl na Y hutengeneza toleo jipya la marekebisho bila kulipoteza la kwanza. Ctrl na N humpeleka mhariri toleo linalofuata, na Ctrl na B humrudisha lililotangulia.

Suala la ngozi

Kwa miongo kadhaa, maabara nyingi za picha zilipima rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, na watu weusi wakatoka bila sura dhahiri. Rangi zilizotayarishwa mapema bado zaweza kuipa ngozi nyeusi ukijivu au uchungwa.

Ctrl, Shift na W hufungua grafu za vipimo. Katika ile ya duara, rangi ya ngozi za watu wa asili mbalimbali huangukia karibu na mstari mmoja. Kinachotofautiana zaidi ni mwangaza. Kwa hiyo uso mweusi hauhitaji kung'arishwa hadi ufanane na mwingine, bali kuwekwa katika mstari wake na kuachiwa giza lake. Shift na H huonyesha sehemu iliyochaguliwa pekee. Hapo mhariri hutambua mapema iwapo udongo mwekundu, mbao au matofali yamehesabiwa kuwa ngozi.

Tahadhari

Ctrl, Alt na K hufungua ukurasa wa kubadilisha vibonye, ambamo pia mna mipangilio inayoiga programu nyingine kama Premiere Pro. Anayeichagua hana budi kujua kwamba baadhi ya vibonye vilivyotajwa hapa vitabadilika. Aidha, kwa kuwa umeme hukatika bila taarifa, inafaa kuwasha uhifadhi wa papo kwa papo na nakala za akiba katika mipangilio, na kubonyeza Ctrl na S kila mara.

Anayeanza asijaribu kuvikariri vyote kwa siku moja. Alt na S, Ctrl na D, Shift na D, pamoja na vile vya kuhifadhi picha tuli na kugawanya skrini, vyatosha kwa wiki ya kwanza. Vidole vikishavizoea, vingine vitafuata kadiri kazi inavyovihitaji.