Farasi wa Inchi 34

Nilidhani farasi kibeti ni mchezo wa matajiri tu. Kumbe ukoo wake umepitia kwa makaa ya mawe. Mwaka wa 1842, sheria ya Uingereza iliwatoa wanawake na wavulana wa chini ya miaka 10 migodini. Farasi wadogo wa Shetland wakaingizwa kuvuta mikokoteni; mfupi ndiye aliyepenya.

Damu yao ilifika Marekani. Huko, chama cha wafugaji kilichoanzishwa 1978 kinataka farasi asizidi inchi 34, akipimwa pale nywele za shingoni zinapoishia. Akizidi, hata kama wazazi wote wamesajiliwa, yeye hana karatasi.

Giza limeisha, sawa. Lakini kimo cha farasi bado tunampangia sisi.