Mlinda Mlango Alea Mlinda Mlango

Wanafunzi wakiulizwa utamaduni wa taifa ni nini, hutaja upesi ngoma, mashairi, uhunzi, ususi na mavazi. Ni wachache watakaoutaja mpira wa miguu. Hata hivyo, sheria ilipotungwa mwaka 1967 ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa, nchi ilikiri jambo ambalo wananchi walikwisha kulijua: kwamba mchezo unaowakusanya watu, ukawafunza nidhamu na kuwapa mashujaa wa kuwasimulia watoto wao, ni sehemu ya maisha ya taifa, nao unastahili kutunzwa kama turathi nyingine. Kila turathi ina wajuzi wake. Insha hii yamhusu mjuzi mmoja asiyesifiwa sana, yaani mlinda mlango, na namna ujuzi wake unavyopokezanwa kutoka kizazi hadi kizazi. Mfano wetu ni wa watu wawili: James Siang'a wa Kenya, na Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma.

Anayepita Kidahwe, kando ya barabara itokayo Kigoma kwenda Kasulu, au katika vichochoro vya Ujiji, au ufukweni ambako dagaa huanikwa, atawaona vijana jioni wakicheza chandimu. Milingoti ni mawe mawili. Mpira ni matambara yaliyofungwa kwa kamba. Akitazama zaidi ataona kwamba golini amewekwa yule aliye mdogo kuliko wote, au yule asiyejua kupiga chenga. Hiyo ndiyo desturi ya michezo yetu ya mitaani: ugolikipa hupewa mtu kana kwamba ni adhabu. Akidaka, wenzake husema ametimiza wajibu wake. Akifungwa, jina lake hutajwa hadi usiku. Mshambuliaji akikosa mara tano kisha akafunga mara moja, hubebwa juu juu. Mlinda mlango akiokoa mara tano na kuteleza mara moja, hana wa kumtetea.

Ugumu wa kazi hiyo umo katika sheria zenyewe za mchezo. Lango lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na mwenye kulilinda ni mtu mmoja. Mkwaju wa penalti uliingizwa katika sheria mwaka 1891, nao hupigwa kutoka umbali wa mita 11 tu. Hadi mwaka 1912 mlinda mlango aliruhusiwa kuushika mpira popote katika nusu yake ya uwanja. Mwaka huo mikono yake ikafungiwa ndani ya eneo la penalti. Mwaka 1970 wakuu wa sheria za kandanda duniani walikubali kwamba timu zilizolingana nguvu zitenganishwe kwa kupigiana penalti, mahali pa kurusha shilingi. Mwaka 1992 mlinda mlango akakatazwa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake kwa makusudi, hivyo ikambidi ajifunze kuuchezea mpira miguuni kama beki. Kila badiliko lilimwongezea mzigo; na lile la mwaka 1970, kama tutakavyoona, ndilo lililoandika kurasa mbili za historia ya kandanda yetu.

James Siang'a aliijua kazi hiyo katika zama za mpira wa ridhaa. Wakati huo, huko Kenya kama hapa kwetu, ni nadra sana mtu kula kwa mpira peke yake. Mchezaji alikuwa karani, askari, au mfanyakazi wa reli, bandari, posta au kiwanda. Mchana alikuwa kazini, na jioni mazoezini. Hata majina ya timu yalibeba ushahidi wa hali hiyo: Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, Ushirika ya Moshi. Siang'a alilinda lango la Gor Mahia na la timu ya taifa ya Kenya. Alikuwamo katika kikosi cha mwaka 1972, Kenya iliposhiriki kwa mara ya kwanza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, huko Kamerun. Walifungwa na wenyeji mabao 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Mali, kisha 1-1 na Togo, wakarudi nyumbani. Katika timu nyingi za zama hizo hapakuwa na mwalimu maalumu wa walinda mlango. Kipa alijifunza kwa kumtazama aliyemtangulia, na kwa kuumia.

Miaka miwili baadaye, kandanda ya Tanzania ilionja uchungu wa sheria ile ya mwaka 1970. Mwaka 1974 Simba ya Dar es Salaam ilifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika na kukutana na Mahalla ya Misri. Nyumbani Simba ilishinda 1-0. Ugenini ikafungwa 1-0. Ikaja mikwaju ya penalti, na Simba ikatolewa. Walioishi siku zile walibaki na simanzi iliyogeuka kuwa imani: kwamba Misri ni mahali ambapo safari za timu zetu hukoma, na kwamba penalti ni bahati isiyotupenda.

Imani hiyo iliishi karibu miaka 30. Mwaka 2003 Simba ilipangiwa tena kucheza na timu ya Misri, nayo ni Zamalek, iliyokuwa bingwa mtetezi wa Afrika. Mwalimu wa Simba alikuwa James Siang'a, ambaye baada ya kuvua glavu aliingia katika kazi ya kufundisha. Langoni alimsimamisha Juma Kaseja, kijana wa miaka 18. Kaseja alizaliwa Kigoma, mwisho wa reli, kilometa zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam, kule ambako tangu mwaka 1914 garimoshi limekuwa likiwachukua vijana kwenda kutafuta riziki na majina. Dar es Salaam Simba ilishinda 1-0. Cairo ikafungwa 1-0. Msomaji ataona kwamba matokeo yalikuwa yale yale ya mwaka 1974, katika nchi ile ile, na hukumu ikawa ile ile ya penalti. Safari hii kijana wa Kigoma aliokoa, Simba ikashinda kwa penalti 3-2, na bingwa wa Afrika akavuliwa taji nyumbani kwake.

Yafaa tulipime tukio hili kwa utulivu. Ushindi ule ulikuwa wa watu wengi: walinzi waliozuia, wapigaji waliofunga penalti zao, na viongozi waliosafirisha timu. Lakini uamuzi wa kumkabidhi lango kijana wa miaka 18 mbele ya bingwa wa bara zima ulikuwa wa mwalimu. Walimu wengi, kwa hofu, wangemtafuta mzee wa kazi. Siang'a mwenyewe alikwisha kusimama kati ya milingoti katika fainali za Afrika. Alijua mwenyewe jinsi lango linavyopanuka mpira ukiwekwa kwenye nukta. Mtu wa namna hiyo humtazama kipa kwa jicho jingine. Hahesabu umri wake. Huangalia kama miguu yake imetulia na kama macho yake hayakimbii. Mwogeleaji humjua mwogeleaji kabla hajaingia majini, na mlinda mlango ndivyo amjuavyo mwenzake.

Yaliyompata Kaseja baadaye yanaonyesha kwamba ujuzi pekee hautoshi bila subira. Wakati timu ya taifa ilipokuwa mikononi mwa Márcio Máximo wa Brazili, kuanzia mwaka 2006 hadi 2010, Kaseja alikaa nje ya kikosi kwa kipindi kirefu, ingawa mashabiki wengi walimlilia. Wapo ambao wangesusa na kuuacha mpira. Yeye aliendelea kulinda lango la klabu yake. Mwaka 2010 alirudi, na Desemba mwaka huo Tanzania Bara ikatwaa Kombe la Chalenji jijini Dar es Salaam kwa kuifunga Côte d'Ivoire, timu iliyoalikwa, bao 1-0. Miaka ikapita, akahama klabu moja hadi nyingine, na wengi wakadhani jua lake limekwisha kuchwa. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 34, aliitwa tena. Mwezi Agosti, Nairobi, Tanzania iliitoa Kenya kwa penalti 4-1 katika kuwania fainali za Afrika za wachezaji wa ndani. Mwezi Septemba, Dar es Salaam, iliitoa Burundi kwa penalti 3-0 katika mchujo wa Kombe la Dunia; Warundi walipiga tatu na zote wakakosa. Siku zote mbili Kaseja ndiye aliyekuwa langoni. Siang'a hakuishi kuyaona hayo, kwani alifariki Septemba 2016. Lakini mkono aliouamini mwaka 2003 ulikuwa bado ukifanya kazi, hata dhidi ya nchi yake mwenyewe.

Na sasa mwanafunzi amekuwa mwalimu. Mwaka 2022 Kaseja aliwekwa katika benchi la ufundi la Taifa Stars kuwafundisha walinda mlango, na baadaye, huko Kagera Sugar, akakabidhiwa dhamana ya kukiongoza kikosi kizima. Kabla yake Juma Pondamali, mmoja wa makipa wa Tanzania katika fainali za Lagos za mwaka 1980, alipita njia kama hiyo, akawafundisha makipa waliomfuata.

Hapo ndipo lilipo jambo la kutafakari. Mara nyingi mlinda mlango aliyestaafu hupewa makipa peke yao awafundishe, kana kwamba akili yake inaishia kwenye mtambaa wa panya. Lakini fikiri: ni nani aliyeutazama mchezo mzima, kila siku, kwa miaka 20? Mshambuliaji huwapa wenzake mgongo. Kiungo huzungukwa na vumbi la mapambano. Mlinda mlango peke yake huona migongo ya wenzake wote na nyuso za wapinzani wote. Huona pengo kabla halijawa hatari, naye kazi yake ni kulisema kwa sauti. Huko kuona na kusema ndiko kufundisha. Si ajabu basi kwamba wachezaji wetu humwita kocha wao kwa jina lile lile waliloliheshimu darasani: Mwalimu.

Mpira wa ridhaa umepita, na hatuna haja ya kuulilia. Kijana anayelipwa kwa jasho lake amepata haki ambayo baba zake waliinyimwa. Hata hivyo zama zile zilituachia watu waliocheza pasipo tamaa ya fedha, wenye maarifa yasiyoandikwa mahali popote. Karibu kila mji wetu una mzee mmoja aliyewahi kulinda lango la timu ya reli, ya bandari au ya wilaya. Vidole vyake vimepinda, na anayajua mengi. Mwalimu wa michezo amwalike shuleni. Wanafunzi wamhoji na kuandika majibu yake, kama wanavyoandika hadithi na methali za bibi zao. Na jioni, kwenye chandimu, yule mtoto mdogo aliyewekwa kati ya mawe mawili aambiwe kwamba nafasi aliyopewa ina historia, na kwamba wapo waliotoka hapo wakafika Cairo.