Tunguu la ua jekundu: halijafa, limelala

Kila kiangazi kikikolea, kuna chungu kinachomwagwa jaani kwa kudhaniwa mmea wake umekufa. Majani yamenyauka, juu ya udongo hakuna kitu. Kumbe chini tunguu li hai, linangoja mvua.

Mmea wenyewe ni Scadoxus multiflorus, wa ukoo mmoja na amarilisi. Humea porini sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwamo.

Utaujuaje? Ua lake ni la duara kama mpira, jekundu, upana wa sentimita 10 hadi 20 hivi. Ukilitazama kwa karibu, ni viua vidogo vingi vilivyokusanyika, pengine hata 200. Mara nyingi hutokeza mvua zinapoanza, kabla ya majani au pamoja nayo. Majani ni mapana na membamba, kingo zake zina mawimbi. Sehemu zake za chini hushikana zikawa kama shina lenye madoadoa mekundu au ya zambarau.

Kupanda si kazi. Chagua chungu chenye matundu, uchanganye udongo, mchanga na mbolea ya majani. Fukia tunguu, shingo yake ibaki usawa wa udongo. Weka barazani au chini ya mti, penye mwanga lakini jua la mchana lisiliunguze. Mwagilia wakati lina majani. Yakianza kuwa manjano punguza maji, yakikauka acha kabisa. Maji ya wakati huo ndiyo huliozesha. Tia alama kwenye chungu ili mtu asikimwage. Usilihamishe ovyo, maana halipendi mizizi kusumbuliwa.

Tahadhari: tunguu hili hufanana na kitunguu cha jikoni, ila halina harufu yake, nalo lina sumu. Sehemu nyingine za Afrika limetumika kutengenezea sumu ya mishale na kuvulia samaki. Basi usiliweke jikoni hata siku moja, na chungu kiwe mbali na watoto, mbuzi na paka, hasa likizaa yale matunda mekundu yanayovutia. Nawa mikono ukishalishika. Mtoto akilila, mkimbize hospitali na uchukue kipande cha mmea daktari akione.

Ukitaka mbegu, nunua kwa wauza miche au omba chipukizi kwa jirani. Ya msituni yaache msituni.