Puto la Jambo Juu ya Ngorongoro

Mwaka 1962, Tanganyika ikiwa bado mpya katika uhuru wake, Mwingereza Anthony Smith alifika Zanzibar na puto la haidrojeni alilolipa jina Jambo. Alikuwa msomi wa zoolojia na mwandishi wa habari za sayansi. Wenzake walikuwa Douglas Botting na Alan Root, mpiga picha za wanyama kutoka Kenya. Walivuka bahari hadi bara, na baadaye katika safari hiyohiyo wakapita juu ya kreta ya Ngorongoro, jirani kabisa na mashamba ya Karatu.

Wazo halikuwa lao. Lilikuwa la Jules Verne, Mfaransa ambaye hakuwahi kukanyaga Zanzibar, lakini mwaka 1863 alichapisha riwaya inayomrusha Daktari Fergusson kutoka kisiwani humo, kupitia Kazeh, yaani Tabora ya leo, hadi mto Senegal. Rubani wa puto la gesi akitaka kupanda humwaga mchanga. Akitaka kushuka hufungua vali gesi itoke. Vyote viwili vikienda vimekwenda. Verne akambunia daktari wake ujanja: aipashe haidrojeni moto ipanuke, puto lipande; aiache ipoe, lishuke.

Sayansi ya hapo ilikuwa sahihi. Mwaka 1662 Robert Boyle alikuwa ameonyesha kwamba mgandamizo ukiongezeka maradufu, ujazo wa gesi hupungua kwa nusu. Jacques Charles, ambaye Desemba 1783 alipaa Paris kwa haidrojeni akiwa na fundi wake, aligundua baadaye kwamba gesi mbalimbali hupanuka kwa kiwango kimoja zikipata joto. Gay-Lussac akalichapisha hilo mwaka 1802. Kwa kila nyuzi moja ya sentigredi, gesi huongezeka sehemu 1 kati ya 273 ya ujazo iliokuwa nao kwenye nyuzi 0.

Verne aliharibu kwenye mafuta. Moto wake uliwaka kwa gesi zilizopatikana kwa kuyatenganisha maji kwa betri, na joto la gesi hizo zikiungua haliwezi kuzidi nishati iliyotumika kuzitenganisha. James Joule alikwisha kupima jambo hilo miaka ya 1840: kazi ya kiasi fulani huzaa joto la kiasi fulani, bila nyongeza. Betri ya kuuwasha moto ule kwa wiki tano za safari ya riwayani ingekuwa mzigo usiobebeka. Na moto wazi chini ya mfuko wa haidrojeni, hata riwayani, unatisha.

Smith hakuthubutu. Alibeba mchanga, na amri ya kumwaga viganja viwili ndiyo iliyokipa jina kitabu chake cha mwaka 1963. Joto hata hivyo lilikuwepo bila kualikwa. Jua likichomoza nyuma ya wingu, gesi ya puto hupata moto, hupanuka, na puto hupanda. Kivuli kikipita, linashuka, na mchanga unamwagwa.

Ngorongoro inaongeza ugumu wake. Ziwa Manyara liko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ukingo wa kreta uko karibu mita 2,300. Kadiri puto linavyopanda, hewa ya nje inapungua mgandamizo, haidrojeni inajitanua, na inayozidi inatokea shingoni mwa puto, chini, ambako huachwa wazi ili mfuko usipasuke.

Kujitanua huko ni kazi. Gesi inasukuma hewa iliyoizunguka, na pasipokuwa na joto kutoka nje, hulipa kwa joto lake yenyewe. Upepo wa mashariki unaopanda miinuko ya Karatu hufanya vivyo hivyo: ukiwa mkavu hupoa karibu nyuzi 1 kwa kila mita 100. Ndiyo maana anayetoka kijiji cha Qurus, Karatu, kwenda kreta anavaa sweta, na dereva anawasha taa akipita lango la Loduare kuingia kwenye ukungu. Mvuke unaogeuka matone hapo ndio unaoulisha msitu wa ukingoni, na kutoka msituni maji yanateremka Karatu. Upande wa pili, kuelekea Olduvai, upepo huohuo unashuka, unabanwa na kupata joto, na nchi ni kame.

Mwishoni mwa riwaya haidrojeni inavuja, na Fergusson anachoma nyasi kavu ili avuke mto kwa hewa moto. Hapo Verne alipatia. Maputo yanayobeba watalii Serengeti tangu mwaka 1989 ni ya hewa moto, yanayotumia gesi ya mitungi. Hewa ya nyuzi 100 hunyanyua takriban robo tu ya uzito ambao haidrojeni ya ujazo huohuo ingenyanyua, kwa hiyo puto lazima liwe kubwa sana. Huruka alfajiri, upepo ukiwa umetulia na hewa ya nje ingali baridi na nzito, kwa sababu jua likipanda, gesi ileile ya mitungi hunyanyua abiria wachache zaidi.