Mbwa wa Marekani alivyopandishwa kizimbani

Kwa sisi tunaoandika habari za mahakama, kizimba ni pale anaposimama mshitakiwa. Nimekaa asubuhi nyingi pale Kisutu nikisubiri mtu apandishwe. Kwa hiyo jamaa yangu mmoja tuliyesoma naye Mlimani, siku hizi yuko Ohio, aliponiandikia kwamba mbwa wake ametimiza miezi 14 na "wameanza kumtoa kizimbani", nilicheka peke yangu. Kumbe mwenzangu hatanii. Mke wake anashinda kazini, yeye anabeba maboksi kwenye ghala na shifti zake hazitabiriki, nyumba ni ya kupanga, zulia ni la mwenye nyumba. Mbwa amelelewa ndani ya kizimba cha waya tangu akiwa mtoto wa wiki nane. Sasa wanataka abaki nyumbani peke yake, mlango wa kizimba ukiwa wazi. Akitafuna zulia, pesa ya dhamana waliyoweka kwa mwenye nyumba inaondoka, na mke ameshasema mbwa naye ataondoka.

Mwandishi akipata habari kama hiyo huuliza: nani alimfungia huyu mbwa, lini, na kwa kosa gani?

Nauliza hivyo kwa sababu huku Dar tumezoea kinyume chake kabisa. Mbwa wa Mikocheni au Mbezi hushinda bandani mchana, usiku ndipo anafunguliwa azunguke ndani ya ukuta, na getini kuna kibao cha "mbwa mkali". Banda letu linamlinda mgeni. Mambo ya mbwa kulala sebuleni wengi wetu hatuna, hasa pwani, ambako chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kizimba cha Ohio kinalinda kochi. Hiyo peke yake ni historia.

Na wala si historia ya kale, msomaji wangu. Karne ya 19 kule Uingereza sanduku la mbwa lilikuwa chombo cha safari na maonyesho. Maonyesho ya kwanza ya mbwa ya aina hii tunayoijua yalifanyika Newcastle mwaka 1859, na Kennel Club ikaanzishwa mwaka 1873. Mbwa wa thamani alipandishwa treni, akashuka, akakaa kwenye nafasi yake watu wakamtazama, akarudi kwao. Hakuna aliyefikiri kwamba mbwa wa kawaida anahitaji kufungiwa sebuleni kila siku ya kazi.

Marekani nayo ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Mbwa wa vitongoji vya huko miaka ya 1950 aliishi karibu sawa na mbwa wa kijijini kwetu: anatoka asubuhi, anazurura na watoto, anafukuza magari, anarudi kula. Halafu mambo mawili yakabadilika kwa pamoja. La kwanza ni sheria. Mji baada ya mji ulipiga marufuku mbwa kuzurura bila kamba, na New York ikafika mbali zaidi: tangu Agosti 1978 mwenye mbwa analazimika kuokota kinyesi cha mbwa wake barabarani. La pili ni ajira. Mwaka 1970 wanawake wa Marekani waliokuwa kwenye soko la kazi walikuwa kama asilimia 43. Mwaka 2000 walikuwa kama asilimia 60. Fanya hesabu mwenyewe. Mbwa haruhusiwi kutoka, na ndani mchana hakuna mtu. Nyumba tupu, mbwa mchanga, meno yanawasha.

Hapo kizimba kikapata kazi. Ila Mmarekani ni mtu wa dhamiri, hawezi kumfungia rafiki yake bila sababu nzuri. Sababu ikapatikana porini: eti mbwa ni mtoto wa mbwamwitu, na mbwamwitu ni mnyama wa pango, kwa hiyo kizimba ni pango lake na anakipenda. Ni hadithi tamu sana. Tatizo ni kwamba mbwamwitu huingia pangoni kuzaa na kulea. Watoto wakifikisha wiki nane hadi kumi hivi, familia inahama, kwisha. Hata mbwa mwitu wetu wa Selous na Ruaha, ambao ni mnyama mwingine kabisa, hutumia shimo kwa ajili ya watoto tu. Na sijawahi kusikia pango lenye komeo kwa nje.

Mbwa anaweza kufundishwa kuvumilia udogo wa nafasi, hilo halina ubishi. Warusi walilithibitisha kwa namna ya kusikitisha. Kabla ya kumrusha Laika angani kwa Sputnik 2 tarehe 3 Novemba 1957, walimzoesha yeye na wenzake kukaa kwenye vizimba vilivyozidi kuwa vidogo, hadi siku 20 mfululizo. Laika alivumilia. Mwaka 2002 ndipo ikatangazwa kwamba alikufa kwa joto saa chache tu baada ya kuruka. Kuvumilia na kupenda ni vitu viwili.

Sisemi kizimba ni uovu mtupu. Mtoto wa mbwa anayetafuna nyaya za umeme yuko salama zaidi humo kwa muda mfupi, na mbwa aliyefanyiwa upasuaji lazima atulizwe. Kinachonisumbua ni saa nane za kazi, ukiongeza foleni ya barabarani, na usiku tena.

Kwa hiyo wanamtoaje? Jamaa yangu ameelekezwa hivi. Kwanza mbwa achoke: matembezi marefu kabla ya kuachwa. Kisha apewe chumba kimoja, si nyumba nzima, viatu na nyaya vikiwa vimeondolewa, kizimba kikiwa pembeni wazi. Unatoka dakika mbili, unarudi bila sherehe. Kisha tano, kumi, ishirini. Simu ya zamani unaiegesha kama kamera, kwa sababu mbwa mwenye hofu ya upweke mara nyingi huanza kulia na kukwaruza mlango mapema, ndani ya nusu saa ya kwanza. Akihema na kuzunguka, umekwenda mbali mno, unarudi nyuma. Akilala, unaongeza. Wengi huwa tayari kati ya mwaka mmoja na miwili, wengine baadaye. Mbwa aliyechoshwa na uvivu hutafuna mto. Mbwa mwenye hofu huvunja meno kwenye waya akitaka kutoka, na huyo kumfungia zaidi ni kumwongezea. Hofu hii imekuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1998 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa ya klomipramini kwa mbwa wasioweza kubaki peke yao. Ndiyo, ile ile ya sonona kwa binadamu.

Mtu atasema, sasa wafanyeje, waache kazi? Sweden wamejibu kwa sheria. Kule kizimba ni cha safari, mashindano na mahitaji machache kama hayo; kumfungia mbwa humo nyumbani wakati umekwenda kazini hairuhusiwi. Tena mchana mbwa lazima atolewe nje angalau kila baada ya saa sita. Waswidi nao wanakwenda kazini kama watu wengine, kwa hiyo asubuhi Stockholm utawakuta wakimpeleka mbwa kwenye chekechea ya mbwa, na mwisho wa mwezi bili inakuja kwa mwenye mbwa.