NYUMBA ILIYOLEA WATOTO WA WAFANYAKAZI

Na Mwenyekiti wa Kikundi

Habari za hisa na mikopo mweka hazina ameshaziandika. Mimi nimeombwa historia, nami nimechagua historia ya nyumba moja ya mbali, kwa sababu inatuhusu sisi na kile chumba chetu cha watoto. Niliisikia kwenye semina ya viongozi wa vikundi, halafu binti yangu akanisomea zaidi.

Nyumba hiyo iliitwa Hull House, katika mji wa Chicago, Marekani. Ilifunguliwa mwaka 1889 na wanawake wawili, Jane Addams na Ellen Gates Starr. Mtaa ule ulikuwa wa wahamiaji kutoka Italia, Ujerumani, Ugiriki na Urusi, watu waliokuja mjini kutafuta maisha kama wengi wetu tulivyokuja. Baba yuko kiwandani. Mama naye yuko kiwandani, au anapiga deki maofisini. Mtoto je? Anabaki peke yake.

Jane Addams aliandika kwamba watoto watatu wa kwanza wenye ulemavu waliowakuta pale mtaani, wote waliumia mama zao wakiwa kazini. Mmoja alianguka kutoka dirisha la ghorofani. Wa pili aliungua. Wa tatu mgongo ulipinda, maana kwa miaka mitatu alikuwa akifungwa kutwa kwenye mguu wa meza ya jikoni. Alifunguliwa mchana tu, kaka yake akija mbio kutoka kiwandani kula naye. Tusiseme yule mama alikuwa katili. Hakuwa na wa kumwachia. Ni wangapi kati yetu tumewahi kufunga kufuli, mtoto yuko ndani, tukaenda sokoni?

Basi wakaanza na chekechea, kisha mahali pa kulelea watoto kutwa, mama anachangia senti tano kwa siku. Jioni watu wazima walisoma Kiingereza, kushona na kupika. Mabinti wa viwandani nao wakaona jambo: mkigoma, anayerudi kazini kwanza ni yule anayedaiwa pesa ya chumba na chakula. Wakaanzisha makazi yao ya pamoja. Hull House iliwalipia kodi ya mwezi wa kwanza tu na kuwawekea vyombo. Baada ya hapo mabinti walichanga wenyewe na kujiendesha wenyewe. Je, hao si ndugu zetu?

Mwaka 1931 Jane Addams alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na mwaka 1935 akafariki. Kazi iliendelea, ikasambaa mitaa mingine. Lakini miaka ilivyokwenda, sehemu kubwa ya fedha ikawa inatoka serikalini. Fedha hizo zilipopungua, michango haikutosha kuziba pengo. Januari 2012, baada ya miaka 122, shirika likafunga milango. Nyumba yenyewe ya zamani sasa ni makumbusho.

Sasa niseme lililo moyoni. Wapo wenzetu wanaosema kwamba kwa kuwa amepatikana mfadhili wa chumba cha watoto, basi ule mchango wetu wa kila wiki tuuache. Mimi nakataa. Mfadhili tumpokee kwa mikono miwili, atuezekee bati, atununulie magodoro. Lakini uji wa watoto na posho ya mlezi vitoke mifukoni mwetu. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndiyo, ila mgeni huaga akaondoka, na mtoto wako bado atataka uji kesho asubuhi.

Jambo hili tutalipigia kura kwenye mkutano mkuu. Kila mmoja aje na watoto wake, wawepo tunapoamua.