Homa ya Newala na maumivu yaliyobaki

Mwaka 1952 wilaya ya Newala, kwenye Uwanda wa Juu wa Makonde, iliingiwa na homa ngeni. Malaria watu waliijua. Hii ilimkamata mtu ghafla, ikamkaza magoti, vifundo vya miguu na viganja hadi akashindwa kunyooka. Wamakonde wakaiita chikungunya, kwa jinsi ilivyomkunja mgonjwa.

Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake, na W. H. R. Lumsden akachunguza ilivyoenea; ripoti zao zilichapishwa 1955. Mwaka 1956 R. W. Ross akaeleza kirusi kilichopatikana katika damu ya wagonjwa wa Newala.

Chimbuko la balaa lilikuwa maji. Ardhi ya uwandani ni ya mchanga, mvua huzama upesi, na kwa miaka mingi wanawake walishuka mabondeni kuyafuata maji. Maji yaliyopandishwa mlimani kwa taabu hiyo hayamwagwi ovyo: hukaa mtungini siku kadhaa. Mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza kirusi hicho, hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, naye huuma mchana, saa ambazo wengi hawako ndani ya chandarua. Kuwatupia lawama kina mama waliokuwa wakitunza maji hayo ni kuwaonea.

Dawa za malaria hazigusi kirusi hiki, na hadi leo hakuna dawa ya kukiua. Mgonjwa hupewa paracetamol, maji ya kunywa na mapumziko. Homa huondoka baada ya siku chache. Viungo ndivyo vinavyochelewa. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa 1983 uliwafuatilia wagonjwa 107 waliougua angalau miaka mitatu nyuma: karibu asilimia 88 walikuwa wamepona kabisa, waliosalia bado walikuwa na viungo vilivyokakamaa au maumivu. Ugonjwa ulipozuka Lamu mwaka 2004, kisha Komoro na Réunion, ambako zaidi ya theluthi ya wakazi waliugua, madaktari walikutana tena na watu waliolalamikia viungo miaka kadhaa baada ya homa.

Kwa mkulima aliyeugua huko Masasi, jirani na Newala, msimu wa korosho ni kuinama kutwa akiokota. Kipimajoto hakiwezi kusema kama amepona. Maumivu yakivuka miezi mitatu huhesabiwa kuwa sugu, kwa hiyo zahanati imwite tena wakati huo, imkague vidole na magoti, imfundishe mazoezi, na iandike inachokiona.